Shangazi na Sindano ya Nane

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kazi yake ni kumpa daktari vifaa mkononi na kuhesabu kila kinachoingia na kutoka. Wenzake wanamwita Moja-Mbili. Hata nyumbani akianua nguo haitikii salamu mpaka amalize kuhesabu soksi.

Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye meza ya kuunga mishipa midogo, ile ambayo jicho tupu linaishia kuikisia tu. Zamani daktari aliinamia hadubini akaona peke yake, wengine wote wakabaki kutazama kisogo chake. Nilimuuliza Shangazi, sasa ulikuwa unajuaje anataka nini?

"Kwa pumzi zake. Akizishusha, mkasi. Akizibana, usimguse kabisa."

Halafu ikaja kamera. Inaning'inia juu ya jeraha kwenye mkono wa chuma, na picha inatokea kwenye skrini pana kama mlango. Daktari anakaa wima, anashona huku akitazama mbele. Sindano yenyewe ni fupi kuliko punje ya mchele na nyembamba kama unywele, lakini kwenye skrini inanenepa kama mpini wa kijiko, na kila aliyemo chumbani anaiona.

Shangazi alifurahi kuliko wote, na sababu hakumwambia mtu. Macho yake yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Skrini aliiona vizuri. Kilichokuwa kati ya vidole vyake mwenyewe ndicho alichokiona kwa ukungu. Miwani alikuwa nayo, ila kwa sindano zile haikufua dafu. Msimamizi wa wauguzi angejua, angemwondoa kwenye meza ile siku hiyohiyo.

Asubuhi moja akaletwa seremala aliyekatwa kidole na msumeno. Daktari, kijana wa miaka thelathini na kitu, alishona saa nne mfululizo. Alipotaka kufunga jeraha, Shangazi akahesabu sindano. Zilitoka nane, zimerudi saba.

"Hesabu tena," daktari akasema.

"Nimehesabu mara tatu. Saba."

"Sista, leo Moja-Mbili ameishia saba?" fundi wa kamera akatania. Hakuna aliyecheka.

Daktari akapitisha kamera juu ya jeraha, kona kwa kona. Hamna. Wakapitisha sumaku sakafuni. Hamna. Eksirei nayo ingeweza kuikosa, kwa udogo wake. Na kidole hakiwezi kufungwa huku kuna sindano isiyojulikana iliko.

"Labda imeanguka," daktari akasema. "Uliiona ikianguka?"

Angesema ndiyo, mambo yangeisha pale. Jeraha lingefungwa, naye angebaki kwenye meza yake. 

"Sikuiona, daktari. Ulinirudishia, nikaipokea, lakini ikiwa karibu siioni tena. Nilikuwa nakisia. Niletee kamera kwenye mikono yangu."

Daktari akaugeuza ule mkono wa chuma. Skrini ikajaa glavu za Shangazi: mikunjo, doa la damu, mshono wa pembeni. Na kwenye kidole gumba cha kushoto, sindano imejilaza na kipande cha uzi mweusi.

"Hiyo hapo!" wakasema watatu kwa mpigo.

Shangazi alikuwa anatazama kidole chenyewe. Hakuona kitu. Ilibidi ainue macho kwenye skrini kama wengine.

Jeraha likafungwa. Wakiwa wananawa, daktari akamwambia, "Asante, Sista. Ila hili lazima niliandike."

"Andika, mwanangu. Hata mimi ningeandika."

Wiki iliyofuata akahamishiwa chumba cha pili, wanakopasua matumbo na kuunga mifupa. Jumapili fundi wa kamera alipita nyumbani kumjulia hali. Akasema muuguzi mpya ana macho ya mwewe lakini utani hajui hata kidogo, na kwamba kidole cha seremala kimeanza kukunjika.

"Kinakunjika mpaka wapi?" Shangazi akauliza.

Fundi akakunja chake nusu.

Alipoondoka nilimuuliza Shangazi kama kuhamishwa kunamuuma.

"Kunauma," akasema. "Nilikuwa naipenda sana ile meza."

Kisha akaniambia nimsogezee taa, anataka kutunga uzi kwenye sindano ya kushonea kifungo cha sare yangu. Alijaribu mara mbili, akanipa mimi nitunge.