Shikamoo ya kwenye kipaza sauti

Leo nimemsalimia mama yangu kwa kipaza sauti.

Najitolea stendi ya Buzuruga. Nawaambia abiria wanaotoka Bukoba wasishikane mikono wala kukumbatiana mpaka ugonjwa uliozuka huko uishe.

Mara mama akashuka kwenye basi. Hatujaonana tangu tumzike baba.

Jamani, nikasahau kila kitu. Nikamkimbilia.

Akarudi nyuma. "Umetutangazia nini sasa hivi?"

Stendi ikacheka. Nikasogea pembeni, nikawasha tena kipaza sauti: "Shikamoo, mama."

Akina mama wote pale wakaitikia marahaba. Wa kwangu akaitikia wa mwisho, taratibu, mikono ameikunja kifuani kama amenipakata.

Ugonjwa ukiisha msinipigie simu. Nitakuwa nimekumbatiwa.