Jani Lililokataa Kugeuka Rangi

Siku niliyoripoti kazini, Mkuu wa Shule alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba kilichoandikwa "Maabara" juu ya mlango. Alipofungua, niliona magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi yamepangwa mpaka dirishani. Nyuma ya magunia palikuwa na kabati, na ndani ya kabati mirija michache ya kioo iliyojaa vumbi. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba pale Baiolojia inafundishwa ubaoni. Mwalimu anaandika, mwanafunzi ananakili, na kwenye mtihani wa taifa wanafanya ule mbadala wa vitendo, yaani mtoto anaeleza kwenye karatasi jaribio ambalo hajawahi kulifanya. Nilikuwa nimetoka chuoni siku si nyingi. Nilimjibu kwamba nimemwelewa. Sikumwambia kwamba nimekubali.

Shule ilikuwa upande wa Mpui, mahali pa wazi ambapo upepo unakupiga tangu unapotoka mlangoni. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Ufipa. Wazazi wangu walilima mahindi na ulezi, kwa hiyo wanafunzi wale niliwajua kabla hawajafungua mdomo. Kipindi cha kwanza niliwauliza Kidato cha Tatu: mahindi yanakula nini? Wengi wakasema udongo, wengine mbolea. Kijana mmoja akasema yanakula nyasi, zile tunazozifukia kwenye matuta zioze. Hakuwa mjinga. Alikuwa amesema kile alichokiona kwa baba yake.

Nikawaeleza kwamba mizizi inanyonya maji na chumvichumvi tu. Chakula chenyewe, sukari na wanga, mmea hauchimbi ardhini. Unajipikia ndani ya jani. Unatumia maji yaliyopanda kutoka mizizini, na hewa ya ukaa inayoingia kwa vitundu vidogo vya jani ambavyo macho hayavioni. Moto wa kupikia ni mwanga wa jua, na kinachoukamata mwanga huo ni klorofili, ile rangi ya kijani. Kazi hiyo tunaiita usanisinuru, kuunda kwa nuru. Waliandika yote kwa mwandiko mzuri. Nilipowatazama usoni niliona hawajaamini hata neno moja, na walikuwa na haki. Nani alikuwa amewaonyesha?

Jumamosi ile mimi na Mama Sabina, mpishi wa shule, pamoja na wanafunzi wachache, tulihamisha magunia yote tukayapeleka stoo ya jikoni. Jumatatu Mkuu akanikuta nafuta kabati.

"Madamu, nani amekuruhusu?"

"Mlango umeandikwa Maabara, mkuu."

Alitazama juu ya mlango kama mtu anayeusoma mara ya kwanza, akaondoka. Alikuwa mtu mwema ambaye alichoka kabla yangu.

Jaribio lenyewe si gumu. Unachuma jani, unalichemsha kwenye maji ili lilegee. Kisha unaliweka kwenye mrija wenye spiriti, na mrija unausimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwa sababu spiriti ukiiweka juu ya moto italipuka. Spiriti inavuta kijani chote na jani linabaki jeupe. Unalisuuza, unalidondoshea ayodini. Kama lina wanga, linageuka bluu iliyoiva mpaka karibu na nyeusi. Kama halina, linabaki kahawia ya ayodini yenyewe. Ayodini nilipewa na mganga wa zahanati, jiko la mkaa lilikuwa la kwangu, na maharage tuliyaotesha kwenye makopo. Mara ya kwanza jani lilipogeuka jeusi mbele yao, darasa zima lilisogea mezani. Yule kijana wa nyasi aliomba alishike, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo niliwapa sheria moja: andikeni mlichokiona.

Sheria hiyo ndiyo iliyoniponza. Mwezi wa Machi alikuja Mkaguzi wa Shule. Siku hizi wanaitwa Wathibiti Ubora. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, na mawingu yalikuwa yamelala juu ya mabati. Alifika asubuhi na mapema akataka kuona vitendo hapohapo. Nilimwomba asubiri mchana, nikamweleza kwamba usiku mmea unatumia wanga wake na kuusafirisha kwenda sehemu nyingine, na kwa siku za giza kama zile majani ya alfajiri huenda yakawa matupu. Akasema hana muda wa hali ya hewa.

Tukafanya. Jani lilibaki kahawia.

Mkaguzi alipita kati ya meza akisoma daftari. Akasimama kwa Yustina, msichana mtulivu aliyetembea kutoka mbali kila asubuhi, akamuuliza ameona rangi gani.

"Kahawia, mheshimiwa."

"Kitabu kinasema rangi gani?"

"Bluu-nyeusi."

"Basi futa, andika inavyotakiwa."

Yustina alinitazama mimi, kisha akatazama jani. "Kitabu nimekisoma, mheshimiwa. Lakini jani hili ni kahawia."

Hakufuta. Wenzake nao waliweka kalamu chini mmoja baada ya mwingine. Mkaguzi alifunga daftari lile akatoka bila kuaga. Mchana mawingu yalifunguka. Tuliacha makopo juani mpaka saa za jioni, tukarudia, na jani likaiva rangi vizuri kabisa. Wanafunzi waliandika majibu yote mawili, la asubuhi na la jioni, na chini yake sababu. Sijawahi kupata somo bora kuliko lile katika maisha yangu yote ya kazi. Mkaguzi alikuwa ameshaondoka.

Mkuu aliniita ofisini. Alisema Mkaguzi ameacha maagizo: madaftari yarekebishwe, ama yule msichana arudishwe nyumbani kwa kiburi mpaka mzazi wake aje. Mimi nilijua maana ya kumrudisha nyumbani msichana wakati wa palizi. Wengi hawakurudi tena.

"Niandikie mimi barua ya onyo," nilimwambia. "Kiburi ni changu. Yeye alifanya nilivyomfundisha."

"Madamu, kwake yeye ni barua tu ya kumwita mzazi. Kwako wewe ni ajira."

"Nimesikia, mkuu. Niandike mimi."

Akaniandika. Yustina alibaki darasani akamaliza shule. Leo ana duka la pembejeo, na mkulima akimuuliza kwa nini asipande mahindi kwa kubanana, anamweleza habari ya majani kuzibiana mwanga. Mimi nilipata onyo, na kabla ya mavuno nikapata uhamisho kwenda Kabwe, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Mume wangu, Anselmi, alikuwa fundi seremala Sumbawanga mjini na hakuweza kuacha karakana yake. Usiku wa kufunga mizigo aliniuliza kama rangi ya jani moja inastahili kutuvunjia nyumba. Nilimwambia si rangi, ni yule mtoto aliyekataa kufuta. Akaendelea kufunga mizigo. Nililia nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu niliogopa, nami nataka vijana mnaosoma hapa mjue hilo. Watu wanadhani anayekataa haogopi. Asubuhi nilimbeba binti yetu, aliyekuwa bado mdogo, nikapanda gari la Namanyere, na kutoka hapo tukashuka ziwani.

Kabwe kulikuwa na joto ambalo sisi wa nyanda za juu hatulijui, na harufu ya dagaa wakianikwa mchangani. Mkuu wa Shule wa huko alinipokea na habari zangu zote mkononi. Alikuwa na mpango wa kufunga masomo ya sayansi katika vidato vya juu, maana matokeo yalikuwa yanachafua shule. Aliniambia watoto wa ziwani wanataka nyavu, hawataki majani. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kufunga niruhusiwe kuzungumza kwenye mkutano wa wazazi. Alikubali, nadhani ili aone nikiaibika.

Mwenyekiti wa bodi ya shule alikuwa Mzee Ramadhani, aliyevua maisha yake yote. Siku ya mkutano niliweka mezani, juani, chupa pana ya maji yenye magugu ya ziwani niliyoyachuma mwenyewe. Magugu niliyafunika kwa kipande cha chupa kilichokatwa kama faneli, na juu yake mrija uliojaa maji, umepinduliwa mdomo chini. Wazazi walipoingia, mapovu yalikuwa yanapanda kutoka kwenye majani, madogo, moja moja, bila kuchoka, na ndani ya mrija, sehemu ya juu, hewa ilikuwa imekusanyika. Nikawaambia mmea unapopika chakula chake unatoa hewa ya oksijeni, hii tunayoivuta sisi na wanayoivuta samaki majini. Nikautoa mrija, nikaingiza kijiti chenye kaa jekundu lililokaribia kuzimika. Kikawaka moto.

Mzee Ramadhani alisogeza kiti. "Mwalimu, na dagaa naye anakula haya majani?"

"Hapana, mzee wangu. Dagaa anakula vijidudu vya majini. Vijidudu vinakula mimea midogo mno, ya kijani, inayoelea usiyoweza kuiona. Na hiyo mimea inajipikia kwa jua."

Alifikiri kidogo. "Kumbe mimi miaka yote nimekuwa nikivua jua."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Alimgeukia Mkuu akasema bodi haitafunga sayansi, na kwamba anataka watoto wafanye mtihani wa vitendo vyenyewe, si ule wa kuandika kwa kubahatisha. Wavuvi walileta mbao za maboti yaliyochakaa. Anselmi alishuka na randa yake wakati wa likizo, akatutengenezea meza za maabara zilizonuka samaki mpaka nilipoondoka. Alipomaliza ya mwisho aliipiga kofi, akaniambia swali lake la usiku ule analiondoa. Kundi letu la kwanza lilifanya mtihani wa vitendo. Wengine walifaulu, wengine walifeli, lakini waliofeli walifeli mtihani wa kweli.

Miaka ya mwisho nilihamishiwa Sumbawanga mjini, kwa Mkuu kijana aliyependa projekta. Sikuichukia projekta yake. Lakini alipotaka jaribio lionyeshwe ukutani kwenye filamu ili tupate muda wa kukaririsha maswali, nilikataa, nikapeleka watoto nje kuchuma majani. Aliponikuta naeleza usanisinuru kwa Kiswahili kabla ya kuingia kwenye Kiingereza, alinikumbusha kanuni ya shule ya kufundisha kwa Kiingereza tu. Nilimjibu kwamba kanuni naijua, na niliendelea. Mtoto aelewe kwanza, lugha ya mtihani itamkuta ameshaelewa.

Nilipostaafu, siku ya kuniaga walipamba ukumbi, na Afisa Elimu akatoa hotuba ndefu. Alinisifu kwa uvumilivu, kwa kufanya majaribio bila vifaa, kwa upendo wa watoto, na mwisho akasema vijana waige utii wangu, kwamba sikuwahi kupingana na viongozi wangu. Nilitazama meza ya walimu wapya waliokuwa wameketi mbele, wasichana na wavulana waliotoka chuoni juzi, wakiitikia kwa vichwa. Niliona neno lile linavyowaingia.

Nikasimama kabla hajaketi.

"Mheshimiwa," nikasema. "Naomba utii uondolewe kwenye hotuba. Mengine nayapokea."

Afisa Elimu alitazama karatasi yake, kisha akanitazama, akatafuta kalamu mfukoni, akakata mstari mmoja. Wakaleta ugali na migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, watu wakaanza kula. Mwalimu mmoja mpya alikuja na sahani yake akakaa kando yangu, akaniuliza ayodini niliipataje. Nikamweleza, na kwa lile neno lililokatwa sikuomba radhi.