Mchumba wangu alivyomheshimu baba mpaka ndege mbili zikanusurika kugongana

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Na nyie wengine marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimeona humu watu wanabishana kuhusu ndege kukosakosana angani, kila mmoja anasema ishu ni mitambo mibovu. Ngoja niwape ya kwetu. Nikiongopa, ugali uniungulie wiki nzima.

Mie ni mtu wa nyumbani. Nimekulia Ukonga, upande wa uraiani, si wa gerezani, msianze. Ndege zilikuwaga zinapita juu ya bati letu kila siku na mpaka leo sijapanda hata moja. Buguruni penyewe nikienda narudi kichwa kinauma.

Form Four nilimaliza vizuri tu, nikapata kazi ya kupiga chapa ofisi moja Chang'ombe. Ila raha yangu ilikuwa kufika nyumbani nivue viatu.

Kwa hiyo hata mchumba sikutoka kwenda kumtafuta. Aliletwa na baba.

Baba yangu, Mzee Mapunda, Mngoni wa Songea, alikuwa mwongoza ndege. Uwanja siutaji. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya mnara na redio, kuwaambia marubani nani ashuke, nani asubiri, nani akae futi ngapi.

Hiyo ni miaka ya Ujamaa. Rada pale kwao haikuwepo. Ni macho yako, masikio yako na kumbukumbu yako, basi.

Wa kupokezana naye zamu alikuwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora.

Sasa vijana wa bando, hapa tulieni. Mngoni na Mnyamwezi ni watani. Mtani anakutukana mbele ya watu, anabeba kofia yako anaondoka nayo, na wewe huruhusiwi kununa.

Wale wawili walikuwa kero. Baba akisikia Maganga anapanda ngazi za mnara, anamwita mpagazi, anamwambia atue mzigo wa Waarabu waliobebaga babu zake, apumzike. Maganga anajibu kwamba Wangoni walimkimbia Shaka wa Wazulu kutoka huko kusini hawakugeuka nyuma mpaka Songea, ndiyo maana viatu vya mzee havina kisigino.

Na katikati ya matusi hayo hayo ndipo walipokuwa wanakabidhiana kazi. Baba akikosea namba, Maganga anamwambia papo hapo, Mngoni amka. Hakuna aliyeumia. Wakubwa zao walidhani ni utoto tu.

Maganga akaanza kuja kwetu Jumapili kumfuata mtani wake. Mtani wake Jumapili alikuwa misa ya pili, na Maganga alilijua hilo vizuri sana.

Nisiwachoshe. Alituma mshenga, posa ikapokelewa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Maana kuanzia siku ile baba si mtani tena, ni mkwe. Na mkwe hatazamwi usoni, hakatizwi kauli, hasahihishwi. Maganga akija kwetu anakalia ncha ya kiti kama kina moto. Nikimuuliza mbele ya baba anakunywa chai au uji, anajibu, ndiyo.

Mie nikaona nimepata mwanaume mwenye adabu. Ujinga wa Form Four huo.

Kumbe adabu ile ile alipanda nayo mpaka mnarani.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mawingu yamelala juu ya vilima vya Pugu. Baba amechoka, anamaliza zamu. Kuna ndege ndogo inatoka kusini, kairuhusu ishuke mpaka futi elfu tatu. Maganga alikuwa ndiyo anaingia mlangoni, na ruhusa ile aliisikia kwa masikio yake.

Lakini baba alipogeuka kumkabidhi, ulimi ukateleza. Akasema ile ndogo iko elfu mbili.

Zamani Maganga angeshamtukana. Siku ile alisema, "Ndiyo, baba."

Alijiambia labda mzee kaibadilishia na yeye hakusikia. Atamhoji vipi mkwe mara mbili kama mtoto wa shule?

Baba akashuka ngazi zake. Ikaja ndege kubwa kutoka bara, imejaa abiria. Maganga akaishusha mpaka elfu tatu, akiamini ile ndogo iko chini yake.

Rubani wa ile ndogo alitoka kwenye wingu akaona tumbo la ndege limemjaa kioo kizima. Akailaza ubavu, akachomoka kwa chini.

Alipotua alipanda mnarani mwenyewe. Hakugomba. Aliomba maji ya kunywa, na glasi aliishika kwa mikono miwili.

Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu. Wakubwa wakawaita wote wawili. Baba akasema kosa ni la ulimi wake, akapewa onyo, faili likafungwa.

Baba hakulifunga. Jumapili akamwita Maganga nyumbani, aje na mshenga wake.

Wakuu, kwa kwetu kumwita mshenga wakati posa imeshapokelewa kuna maana moja: posa inarudishwa. Mama alipika wali kimya kama wa msibani. Mie nilikuwa nyuma ya pazia nimeng'ang'ania pindo, najiona nitazeekea kwenye mashine ya chapa.

"Maganga," baba akasema, "ulisikia nilivyomwambia rubani?"

"Nilisikia, baba."

"Ukanyamaza."

"Wewe ni mkwe wangu."

"Na wale waliokuwa mle ndani hawana wakwe?"

Baba akasema hawezi kumtoa binti yake kwa mtu anayeogopa kumuudhi mzee kuliko anavyoogopa kuua watu. Mshenga akaanza kuomba radhi, baba akamzuia kwa mkono. Akasema ana sharti moja tu. Maganga amtukane. Hapo hapo, mbele ya mama mkwe, kama walivyokuwa wanatukanana mnarani. Akishindwa, achukue posa yake aende salama.

Sijawahi kuona mtu anatoka jasho vile akiwa amekaa kivulini. Anafungua mdomo, anamwona mama, anafunga. Mshenga naye anamkanyaga mguu asiseme, maana alidhani ni mtego.

Mama ndiye aliyeokoa jahazi. Akasema taratibu, "Mseme tu, mwanangu. Sie humu tunamsemaga kila siku."

Maganga akasimama. Akamtazama baba usoni.

"Mngoni," akasema, "babu zako walikimbia mpaka Songea bila kuhesabu hata vilima. Hesabu wewe utaijulia wapi?"

Nikafumba macho.

"Mpagazi mkubwa wewe," baba akasema. "Kaa ule."

Ndoa ikafungwa. Toka siku hiyo mnarani walikuwa Mngoni na Mpagazi, nyumbani baba na mwanangu, na ngazi ya mwisho ya mnara ndiyo ilikuwa mpaka.

Baba alikuja kufariki mzee kabisa, ameshastaafu. Msibani mkwe anatakiwa atulie na wafiwa. Maganga wangu akavaa koti la marehemu, kama watani wanavyofanyaga msibani, akasogea mpaka ukingoni mwa kaburi, akaongea kwa sauti yao ile ya redioni.

"Mngoni, njia nyeupe. Una ruhusa ya kuondoka. Mimi nimeshapokea zamu."

Watu wote wakacheka. Yeye ndiye aliyelia.

Nilichojifunza, wakuu: heshima inayokuziba mdomo wakati mkubwa wako anakosea, hiyo si heshima, ni hatari imevaa kanzu. Sisemi mkawatukane wakwe zenu, mkipigwa msinitaje.

Haya, niambieni nyie: kazini kwenu au ukweni, mkubwa akikosea mnamwambiaje? Tiririkeni, nasoma huku nachagua mchele.