Nusu Ungo wa Kumbikumbi

Sijui kama nakumbuka sawasawa, maana shule yangu ni kidogo, ya misheni, na vita viliikata katikati. Lakini bwawa lile nalikumbuka. Lilikuwa chini ya vilima vya Matogoro, pale mto unapojikunja, na kabla ya vita mama yangu alioshea hapo mitungi ya pombe. Machicha yakimwagika, visamaki vilijaa hadi ungedhani maji yanachemka. Nyuma yao walikuja kambale, taratibu, na masharubu yao.

Askari wa Mjerumani walipochoma maghala, ulezi wa pombe ukaisha na machicha yakaisha. Bwawa likanyamaza. Mgono wetu, mtego wa kusuka kwa mianzi, ulitoka mtupu au na kaa mmoja. Wakati huo mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, na kwa njaa maziwa yalikuwa yanamkauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa nyembamba.

Mvua ya kwanza ikaleta kumbikumbi. Tukaokota ungo mmoja. Mama akampa mke wangu nusu, nusu nyingine akaibeba kwenda bwawani.

Mke wangu hakupandisha sauti, yule ni mkwe wake. Alisema tu, "Mama, hao samaki wana bahati. Mzazi hajashiba, wao wamekwisha karibishwa."

Mama hakukasirika. "Ukila na hii, mwanangu, kesho tutatazamana tena. Vidogo vikija kula, kambale atavifuata. Mimi namtaka huyo anayefuata."

Mpaka leo naona kila mmoja alikuwa na haki.

Mama aliwaponda kumbikumbi, akawakanda na udongo wa mfinyanzi ili maji yasiwachukue upesi, akaweka donge ndani ya mgono. Asubuhi alipoushika alicheka kabla hajautoa majini, kwa ule uzito tu. Walikuwa kambale wawili. Tulipompasua mkubwa, tumboni mlikuwa na visamaki, na katika visamaki hivyo vipande vya kumbikumbi. Mama akamwita mke wangu aje aone. Akaja, akaona, akaenda kuchochea moto.

Lazima niseme na hili: mto ulikuwa umeanza kujaa, na kambale hupanda na maji mapya. Jirani yetu alitega mgono mtupu, bila chambo, naye akapata wake. Kwa hiyo sifa ya mama sijui niipime vipi. Sitaki kuiongeza wala kuipunguza.

Ninachojua ni kwamba mke wangu alikunywa mchuzi siku ile na siku zilizofuata, na jioni moja mtoto aliachia titi mwenyewe, amelala, maziwa yakimtiririka kidevuni. Nilitoka nje nikakaa chini.

Ndani nikamsikia mke wangu akisema, "Mama, kumbikumbi wakitoka tena, chukua na kwenye fungu langu upeleke bwawani. Robo."

"Robo inatosha," mama akajibu. "Wewe unanyonyesha."