Kituo Kisichotamkwa

Nosakhele aliijua Cape Town kama mfanyakazi anavyoijua nyumba ya tajiri wake: mlango wa nyuma, jikoni, chumba cha kufulia, basi. Miaka yote aliyofua mashuka ya hospitali alipanda treni ileile kutoka Khayelitsha, akashuka kituo kilekile, na jioni akarudi amesinzia begani kwa mtu asiyemjua. Alipostaafu ndipo alipogundua kwamba amezeeka katika mji ambao hajauona. Tangu hapo, kila Septemba, baridi inapolegea na maua ya njano kuchomoza katikati ya reli, huchagua njia moja ambayo hajawahi kuipita, akaifuata mpaka inapoishia, akala machungwa yake, akarudi. Majirani walisema uzee umempanda kichwani. Yeye alisema kilichostaafu ni mikono, macho bado yanadai haki yao.

Mwaka huu njia hakuichagua yeye. Mama mkwe wake, MaDlomo, jicho lake moja lilikwisha kuzimika, na daktari alisema la pili halitafika Krismasi. Asubuhi moja aliacha kukoroga uji wake, akasema:

"Nipeleke kule alikofanya kazi Bhele."

Bhele lilikuwa jina la ukoo wa marehemu mumewe. Jina lake mwenyewe lilikuwa Simon, lakini MaDlomo hakuwahi kulitamka kwa heshima ya mume, na Nosakhele, aliyeolewa na mwanawe, hakuthubutu hata kulikaribia. Kwa Waxhosa mwanamke hulizunguka jina la baba mkwe kama anavyolizunguka zizi la ng'ombe, mahali asiporuhusiwa kukanyaga. Nyumbani hilo halikumsumbua mtu. Ila Bhele alikuwa akipaka rangi meli za kivita kwenye bandari ya Simon's Town.

"Alinidanganya ujanani," MaDlomo alisema. "Eti wazungu wameuita mji ule kwa jina lake, kwa ajili ya nguvu zake. Nikaamini mwaka mzima. Tena eti meli zenyewe ni ndefu kuliko mtaa. Nataka nizione kabla giza halijanifungia mlango, nijue niliolewa na mwongo wa kiasi gani."

Kwenye dirisha la tiketi, mjini, Nosakhele aliinamisha uso.

"Mbili, baba. Njia ya baharini, mpaka mwisho."

"Mwisho upi, mama?"

"Pale treni inapoishia."

"Hii inayoondoka sasa hivi?"

"Hiyohiyo."

Mtu wa tiketi akampa bila kuuliza zaidi.

MaDlomo alikaa dirishani, blanketi mabegani, kilemba kimekazwa. "Haya, niambie kinachopita."

"Maua meupe, Mama, yamejaa mtaroni. Mzee anakimbiza kofia yake, upepo umemshinda. Wanafunzi wanamcheka."

"Na wewe unacheka."

"Kidogo."

Baada ya kituo cha Muizenberg bahari ilisogea mpaka karibu na reli. Ghafla abiria wote wakahamia upande mmoja, na mama mmoja mnene, mkononi pakiti ya chipsi, akawagongea kioo.

"Nyangumi huyo, tazameni."

"Yuko wapi?" MaDlomo aliuliza.

"Ni kitu cheusi, Mama, kimeinuka. Ah, kimezama."

"Basi tumelingana. Hata wenye macho hamumwoni."

Behewa zima likacheka, na MaDlomo akajifanya hajui wanachekea nini.

Kwenye kituo cha Fish Hoek treni ilisimama, taa zikazimwa, watu wakashuka. Nao wakashuka. Mbele yao palikuwa na mchanga mweupe na watu wanaotembeza mbwa. MaDlomo aliweka kiganja juu ya jicho lake.

"Meli ziko wapi?"

"Sizioni, Mama."

"Kipofu ni mimi, wewe unashindwaje?"

Nosakhele aliangalia bahari kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hapakuwa na hata mtumbwi.

"Basi alikuwa mwongo kabisa," MaDlomo alisema taratibu, akaketi kwenye benchi. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Nosakhele akajiona kama mtu aliyembebea mwenzake chungu njia nzima akakidondosha mlangoni.

Kijana wa reli akawajia, kofia kichogoni. "Mama zangu, hii imeishia hapa. Mnakwenda wapi?"

"Mbele," Nosakhele alisema.

"Mbele wapi?"

"Kwenye meli."

"Mama, mimi nina treni, sina meli. Kituo gani?"

Wanawake wawili wakatazama chini. Yule mama wa chipsi alikuwa bado yupo, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe Ashwin, huoni hawawezi? Hilo litakuwa jina la mkwe. Taja wewe, wao wataitikia."

Ashwin akakuna kidevu. "Sunny Cove?"

Nosakhele akatikisa kichwa.

"Glencairn?"

MaDlomo akakohoa.

"Simon's Town?"

Vilemba viwili vikainama kwa pamoja, kama kuku wanaokunywa maji.

"Sasa, bibi, nisingekuja mngefanyaje?"

"Tungekusubiri," MaDlomo alisema.

Ashwin akawapandisha treni ya upande wa pili. Hii ilipita karibu na maji kiasi kwamba matone yalirukia vioo. Hatimaye kipaza sauti kikakoroma, kikaita Simon's Town, kikarudia. MaDlomo alisimama, akaweka blanketi lake sawa.

"Hayupo," alikijibu. "Tumekuja sisi."

Walipofika kwenye ukuta wa bandari, alimshika Nosakhele mkono, akakaza jicho lake.

"Ile ya kijivu ni meli au mlima?"

"Ni meli, Mama."

"Kijivu kilekile. Hakikumtoka masikioni hata kwa sabuni." Upepo ulichezea pindo la blanketi. "Inafika mtaa?"

Nosakhele aliipima kwa macho, kwa haki. "Mtaa wetu umeizidi. Kidogo."

"Kidogo tu?" Tabasamu lilimpanda mpaka kwenye lile jicho lililozimika. "Hapo nimemsamehe."

Walikaa juani wakamenya machungwa. Harufu yake ikachanganyika na ya chumvi na rangi mbichi iliyokuwa ikitoka ndani ya ukuta.

"Mwakani tunapanda ipi?" MaDlomo aliuliza.

Nosakhele alimtazama.

"Usinitazame hivyo. Wewe utaona, mimi nitauliza. Mbona leo tumefika?"