Mama Kola na mlango wa nyuma

Saa moja kasorobo asubuhi. Mama Kola anaingia kiwandani, anatundika mkoba wake msumarini, anavua kandambili na kuvaa viatu vya kazi. Cherehani yake iko mstari wa tatu, karibu na dirisha, lakini haielekei bado. Anapita katikati ya meza za pasi akitaniana na wapiga pasi, anafika mwisho kabisa wa ukumbi na kuusukuma mlango wa nyuma kwa bega.

Mlango unafunguka. Anachungulia uchochoro ulioko nje, anaurudishia, kisha anakwenda kukaa kwenye kazi yake.

"Nikikuta unafunguka, basi siku yangu imeanza vizuri," anasema huku akitunga uzi kwenye sindano bila hata kuitazama. "Wenzangu wananicheka. Wanasema mimi nimeajiriwa na mlango."

Kiwanda hiki kinashona mashati ya kiume ya kuuzwa ng'ambo, katika maduka ambayo hakuna hata mmoja kati ya wafanyakazi wake zaidi ya mia tatu aliyewahi kuyakanyaga. Kila mtu ana kipande chake: huyu mikono, yule mifuko, mwingine vifungo. Yeye ni wa kola, na jina limemganda. Mshahara wake wa mwezi, anasema, ungetosha kununua mashati matatu huko yaendako. "Manne, kama duka limepunguza bei," anaongeza, na jirani yake wa mstari anaangua kicheko.

Kwa miaka tisa mlango ule ulikuwa na kufuli. Uongozi ulisema unazuia wizi wa vitambaa. Kisha siku moja pasi iliunguza rundo la mashati, ukumbi ukajaa moshi, na watu wote wakakimbilia mlango mmoja wa mbele.

"Hakuna aliyeumia," anasimulia, na kwa mara ya kwanza mguu wake unaacha kukanyaga cherehani. "Lakini nilibanwa ukutani mpaka pumzi ikakatika. Niliogopa sana. Nikasema, leo Mungu katusitiri, na kesho je?"

Mwakilishi wa wafanyakazi alikuwepo. Alikuwa mkata vitambaa mmoja mcheshi anayeitwa Mzee Mkasi, aliyekishikilia kiti hicho kwa miaka sita. Alichaguliwa kwa kunyoosha mikono, meneja akiwa amesimama mbele anahesabu. Ni vigumu kushindwa uchaguzi wa namna hiyo.

Basi akaja mgeni, mwanamama aliyetumwa na kampuni inayonunua mashati. Aliuliza kupitia mkalimani kama wafanyakazi wanaridhika, na ukumbi mzima ukajibu kwa sauti moja kwamba wanaridhika sana. Mama Kola naye alijibu hivyo, ila akaongeza, "Lakini mlango umefungwa." Mkalimani akatabasamu na kutafsiri nusu ya kwanza tu.

"Nikaona huyu kameza maneno yangu," anasema. "Nikanyoosha kidole. Kidole hakihitaji mkalimani."

Mgeni alitembea hadi mlangoni akausukuma. Haukutikisika. Akaambiwa ufunguo anao mlinzi, na mlinzi amekwenda kunywa chai. Mgeni akasema atamsubiri. Walisubiri wote, meneja akipangusa jasho, mpaka mlinzi alipotokea akitafuna, hana habari.

Siku ile kufuli liliondolewa. Wiki iliyofuata mgeni alikuwa amesharudi kwao, na kufuli lilikuwa limesharudi mahali pake.

"Hapo ndipo nilipofunguka macho," anasema Mama Kola. "Mgeni ni mgeni. Hawezi kutulindia mlango kila siku. Anatakiwa mtu wa humu humu, na awe amewekwa na sisi."

Bahati ni kwamba wauzaji wa yale maduka ya ng'ambo, ambao nao wana chama chao cha wafanyakazi, walizipata habari za kufuli. Waliibana kampuni, nayo ikaweka sharti katika mkataba mpya: wafanyakazi wamchague mwakilishi wao kwa kura ya siri. Mama Kola akachukua fomu kumkabili Mzee Mkasi.

Nyumbani hawakushangaa. Mumewe, fundi baiskeli, alimuuliza jambo moja tu: wakikufukuza, binti yetu atamalizaje shule? Mama mkwe wake ndiye aliyemaliza mjadala. "Mwacheni agombee," alisema. "Huyu hata humu ndani hataki mlango ufungwe. Paka wa jirani analala hapa kama mpangaji."

Siku ya kura ilifika, na kura zikahesabiwa juu ya meza ya pasi, mbele ya watu wote. Afisa wa kazi kutoka serikalini alichomoa karatasi ya kwanza. Ilikuwa na alama kwenye picha ya kola, na pembeni, kwa mwandiko safi kabisa, namba ya kazi ya aliyeipiga. Ya pili ilikuwa na namba, na ya tatu vilevile.

Katika kiwanda hiki, kila fungu la kazi linalokamilika lazima liandikwe namba ya mshonaji pembeni, la sivyo halihesabiwi. Mikono imezoea. Karibu watu wote walikuwa wamepiga kura ya siri na kuitia namba zao.

"Hata mimi!" anapiga kelele Mama Kola, akijipiga paja kwa kucheka. "Mgombea mzima! Nimejipigia kura, nikaandika na namba, kana kwamba nitalipwa."

Siku ile hakucheka. Kura zote tatu zilikuwa zake, na afisa utumishi wa kiwanda alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni. Mama Kola akaruka akasimama, akataka hesabu isimamishwe.

"Unaogopa kushindwa?" meneja akamuuliza.

"Naogopa kushinda hivi," akajibu.

Afisa wa kazi alikubaliana naye, akaufuta uchaguzi. Ikabaki shida ya zile karatasi, maana hakuna mfanyakazi aliyetaka ziingie ofisini. Mzee Mkasi, bila kuombwa, akazibeba zote hadi kwenye mashine yake ya kukatia vitambaa akazikatakata zikawa vipande visivyosomeka.

Uchaguzi uliporudiwa, waliacha kabisa karatasi. Binti wa kushona vifungo ndiye aliyetoa wazo: kila mpiga kura apewe kifungo kimoja cha shati, aingie nyuma ya pazia, akitumbukize katika mfuko wenye picha ya kola au wenye picha ya mkasi. Kwenye kifungo huandiki namba. Katika majaribio, mtu mmoja akasema sauti ya kifungo kikianguka inaonyesha ni mfuko wa upande gani. Mifuko yote miwili ikatiwa pamba chini.

Mama Kola alishinda kwa zaidi ya nusu ya vifungo. Kikao chake cha kwanza na uongozi kilikuwa na ajenda moja. Kufuli lile sasa analo nyumbani, mama mkwe analitumia kuzuia dirisha lisibamizwe na upepo.

Kazi bado nyingi. Anataka mkalimani wa wageni achaguliwe na wafanyakazi wenyewe, na anataka kamati yake izungumze moja kwa moja na wale wauzaji wa ng'ambo waliowasaidia bila kuwajua. "Wao wanayakunja mashati, sisi tunayashona," anasema. "Hatujaonana, lakini shati ni hilo hilo."

Wakati wa mapumziko ya mchana, Mzee Mkasi anamvuta mwandishi wa makala haya pembeni. Meza yake ndiyo iliyo karibu zaidi na mlango wa nyuma.

"Mimi nilimpigia yeye," ananong'ona. "Miaka sita nimeupa mgongo huu mlango nikijifanya siuoni. Niliona aibu. Lakini safari ijayo nagombea tena, na kura yangu najipa mwenyewe."

Mama Kola anapoambiwa, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Mzee wa watu! Huenda kweli, huenda ananidanganya," anasema, akijifuta kwa kipande cha kitambaa. "Sitajua mpaka nakufa, na hata meneja hatajua. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta." Kisha anaivuta kola nyingine. "Mwambie agombee. Na wengine wajitokeze, tuwe hata watano. Akinishinda kwa vifungo nitampa mkono. Ila asubuhi mlango nitaendelea kuusukuma."