Nasimiyu na Injini ya Austin

Khisa alifanya kazi ya boila katika karakana ya reli ya Nakuru kwa miaka kumi na tisa, na kelele za nyundo zikamla masikio. Watu wote wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, walilijua hilo isipokuwa Khisa mwenyewe. Yeye alisema watu wa siku hizi wananong'ona.

Mwaka wa 1954 alimtengenezea Mzungu mmoja wa upande wa Njoro boila ya kukaushia pareto. Kwa kazi hiyo Mzungu akampa motokaa aina ya Austin iliyokuwa imekaa ghalani tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kuku walikuwa wamezoea kutaga kwenye kiti cha nyuma. Ilivutwa na trekta mpaka nyuma ya nyumba ya Khisa, na kuku mmoja akaja nayo.

Kwa miezi minne, kila Jumapili baada ya kanisa, Khisa alilala chini ya hiyo motokaa. Mkewe Nasimiyu alikaa kwenye kigoda karibu naye akichambua mboga na kumpa spana alizoomba. Hatimaye injini ikawaka. Ilibaki kurekebisha taimingi, yaani kupanga wakati wa plagi kutoa moto. Moto ukitoka mapema mno, injini inagonga. Ukichelewa, injini inakuwa nzito na maji yanachemka.

Khisa alitumia balbu ndogo aliyoiunga kwa waya mbili. Alizungusha injini polepole kwa hendeli, na balbu ilipowaka tu, akatazama kama alama kwenye gurudumu la injini imefika mahali pake. Ilikuwa kazi ya macho, na macho ya Khisa yalikuwa mazima.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kupanda Menengai. Kabla ya nusu ya mlima maji yalichemka na motokaa ikasimama. Wakateremka kwa kurudi nyuma. Khisa akapima tena kwa balbu, mara tatu.

"Iko sawa," alisema.

"Baba Nekoye, inachelewa," Nasimiyu akamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, kwa sauti kubwa kama kawaida yao.

"Nini inachelewa?"

"Hiyo sauti. Inakuja kama mtu ameitwa na bado anavaa viatu."

Khisa akafungua kitabu cha motokaa na kumwonyesha ukurasa. Nasimiyu hakusoma Kiingereza, lakini aliutazama kwa heshima.

"Kitabu kiliandikwa wapi?"

"Ulaya."

"Huko kuna mlima kama huu?"

Khisa akafunua kurasa kadhaa. "Hapa hawajaandika mlima," alisema, akakifunga.

Wiki mbili walipanda Menengai na wiki mbili motokaa ikasimama palepale, karibu na nyumba ya mama mmoja aliyeanza kuwawekea maji kwenye debe. Jumapili ya tatu, kabla ya kuanza kupanda, Khisa alizima injini, akakaa mikono ikiwa kwenye usukani.

"Wewe unasikia hiyo kuchelewa?"

"Nasikia."

"Mimi sisikii," alisema, kama mtu anayetaja saa. "Sisikii injini kabisa. Najua iko hai kwa vile kiti kinatetemeka."

Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kusema hivyo. Nasimiyu alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka tayari kwa siku hiyo, akayaacha yote. 

"Basi zungusha," alisema. "Nitakuambia."

Khisa akafungua boneti, akalegeza skrubu, akasogeza distribyuta, kile kifaa kinachozigawia plagi moto, upana wa punje ya mchele. Wakapanda tena. Nasimiyu akamgonga begani mara moja: bado. Akasogeza tena. Safari hii injini ilivuta vizuri, lakini penye mwinuko mkali ilianza kulia kama njugu kwenye kikaango cha moto. Akamgonga mara mbili: rudisha. Akarudisha nusu ya ile punje. Motokaa ikapanda mpaka juu bila kusimama, ikampita yule mama na debe lake. Nasimiyu alimpungia mkono, akasikitika kidogo kwa ajili ya maji yale.

Habari zikaenea. Mwaka uliofuata akaja Kipsang, dereva wa lori la viazi kutoka Kuresoi, na lori lililokuwa likigonga tangu lilipofika mjini.

"Kule juu halina shida, mama. Likishuka hapa, linapiga kelele."

Nasimiyu akasikiliza, Khisa akarudisha taimingi nyuma, kelele zikaisha. Baada ya siku tatu Kipsang alirudi amekunja uso.

"Sasa kule Kuresoi limekuwa zito. Nimepitwa na punda."

"Kuresoi ni juu sana," Nasimiyu akasema. "Hewa ya huko nyepesi, moto unataka kutangulia. Hapa unataka kungoja."

"Sasa mimi nifanye nini? Nihame?"

Khisa alikuwa akiwatazama midomo. Akaleta rangi nyeupe, akachora alama mbili kwenye distribyuta, moja ya kupanda na moja ya kushuka, akamfundisha Kipsang kusogeza mwenyewe akifika Molo. Mwenye shamba la viazi, ambaye lori lilikuwa lake, alipoziona alisema kitabu kina alama moja, akaamuru zifutwe. Kipsang akazifuta kwa petroli. Lori likapitwa na punda wiki nzima, kisha mwenye shamba akamwambia azichore tena, asimwambie mtu.

Mwaka wa 1957 daktari wa reli alimpima Khisa masikio, naye akahamishiwa stoo. Aliipenda. Nyumbani wenye motokaa walizidi kuja, nao hawakumuulizia yeye tena. Walisimama mlangoni wakitaja jina la Mama Nekoye, na Khisa, akiwasoma midomo, aliwajibu, "Yuko. Ngojeni amalize kusonga ugali."